Chandarua cha hamoki: cha kushonewa au cha kuvisha?

Mbu wa kwenye hamoki, yaani kitambaa cha kulalia kinachofungwa ncha mbili kati ya miti miwili, haji usoni tu. Anakuja kutoka chini. Anatua pale ambapo makalio na mabega yamekaza kitambaa, na anachoma papo hapo bila kuingia ndani. Mdomo wake una urefu wa milimita 2 hivi. Kitambaa cha parashuti cha tabaka moja hakifiki hata robo ya hapo kwa unene. Ndiyo maana mtu anaamka asubuhi na mstari wa vipele kiunoni, chandarua kimefungwa vizuri, zipu haina kasoro, naye anahangaika kutafuta mbu aliingilia wapi. Hakuingia popote.

Tunaanza na hilo kwa sababu wanunuzi wengi hulinganisha vyandarua vya hamoki kwa bei, rangi na uzito, kisha wanasahau kuuliza kitu gani kinawakinga mgongoni. Kwa anayelala ufukweni, bonde la Rufiji, kandokando ya Ziwa Victoria au popote penye malaria, jibu la swali hilo ndilo litakaloamua anunue kipi.

Hamoki tunayoizungumzia ni ile ya kambi, ambayo kamusi huiita machela. Chandarua cha kushonewa kimeungwa na kingo za hamoki tangu kiwandani. Unafungua zipu ya ubavuni, unaingia, unafunga. Wavu uko juu na pembeni; chini yako kuna kitambaa cha hamoki peke yake. Wazo hili lina umri mkubwa: hamoki ya msituni ya jeshi la Marekani, M-1942, ilikuwa na kuta za wavu, zipu na paa la mvua, vyote vimeshonwa pamoja. Chandarua cha kuvisha ni kitu cha peke yake, mfano wa soksi kubwa. Hamoki nzima inaingia ndani yake, na wavu unaizunguka juu, pembeni na chini.

Kati ya hivyo viwili kuna aina mbili za katikati. Moja ni wavu wenye zipu inayozunguka kingo zote, unaoweza kuvuliwa wote na kuachwa nyumbani. Nyingine ni chandarua nusu, kinachofunika kichwa na kifua tu, miguu ukaifunika kwa blanketi. Chandarua nusu kinawafaa watu wa nyanda za juu. Pwani, kwenye joto la Machi, hakuna mtu atakayelala na blanketi miguuni hadi alfajiri, na mbu wanaoeneza malaria huuma sana usiku wa manane kwenda asubuhi, saa ambazo blanketi limeshasukumwa pembeni.

Chini ya mgongo

Ukichagua cha kushonewa, nunua hamoki yenye tabaka mbili chini. Tabaka hizo huachiwa uwazi upande mmoja ili uingize mkeka wa povu katikati, na mkeka huo ndio kinga yenyewe. Mkeka wa mazoezi wa unene wa milimita 6 hadi 10 unatosha kabisa. Mbu hawezi kuupita. Ubaya wake ni jasho. Povu halipitishi hewa, na usiku wa nyuzi joto 27 utaamka mgongo umelowa.

Kama hamoki yako ina tabaka moja na huna mkeka, kunja shuka la Kimasai mara tatu ulitandike kuanzia mabegani hadi chini ya makalio. Si kinga kamili, maana linateleza ukijigeuza, lakini linapunguza sana. Njia ya tatu ni kupulizia permethrini, dawa ya kuua wadudu, ya asilimia 0.5 upande wa nje wa kitambaa cha chini, ukiacha kikauke kabisa kabla ya kulala. Nguo iliyopuliziwa hivyo hukaa na dawa kwa wiki 6 au kufuliwa mara 6 hivi. Usimruhusu paka karibu dawa ikiwa bado mbichi, na usiifulie mtoni wala ziwani, kwa sababu permethrini huua samaki.

Chandarua cha kuvisha kinatatua shida hii kwa umbo lake, kwa sharti moja: kisikuguse chini. Wavu unaobana kitambaa cha hamoki ni sawa na kutokuwa na wavu. Mbu atatua juu ya wavu, atapitisha mdomo kwenye tundu, kisha kwenye kitambaa, na atakufikia. Kipimo ni rahisi. Lala ndani, mwambie mwenzako apitishe ngumi kati ya wavu na sehemu ya chini kabisa ya hamoki. Ngumi ikipita bila kusukuma wavu, umepona. Ikikwama, chandarua ni kidogo, au umeifunga hamoki ikiwa imelegea kupita kiasi.

Mbung'o ni habari nyingine. Anauma mchana, mdomo wake unapita nguo nene, na rangi zinazomvuta zaidi ni bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwenye maeneo yenye mbung'o, hamoki ya bluu iliyokoza ni mwaliko. Chagua kaki, kijivu au kijani kilichopauka, iwe na chandarua cha aina yoyote ile.

Matundu ya wavu

Pima wavu kwa rula kabla ya kulipa. Wavu wa kawaida wa mbu una matundu 5 hivi kwa kila sentimita, yaani 12 au 13 kwa inchi. Huo unamzuia mbu na kupitisha upepo. Usubi, wale wadudu wadogo wanaotoka kwenye mikoko na matope jua likikaribia kuzama, wanaupita kama vile haupo. Kwa usubi unahitaji wavu wa matundu 10 au zaidi kwa sentimita.

Hamoki nyingi zenye chandarua cha kushonewa huja na wavu huo mwembamba wa usubi, kwa sababu watengenezaji wanauza kote duniani na hawajui utalala wapi. Matokeo yake upepo wa bahari unapungua mno ndani. Kwa cha kuvisha una uhuru: unaweza kumiliki viwili, kimoja cha usubi kwa kambi za karibu na mikoko, kingine cha wavu wa kawaida kwa sehemu nyingine zote. Tofauti ya hewa kati ya hivyo viwili usiku wa joto unaisikia usoni mara tu unapoingia.

Kuingia, kutoka, na saa nane ya usiku

Hapa cha kushonewa kinashinda, na kinashinda kwa mbali. Zipu ya ubavuni inafunguka kwa mkono mmoja, unatoa miguu, unasimama, unafunga nyuma yako. Sekunde chache tu. Ukirudi kutoka kujisaidia, unakalia hamoki, unaingiza miguu, unafunga. Mbu wanaoingia ni wachache.

Chandarua cha kuvisha kilicho wazi chini kina mlango wa kitendawili. Lazima uiname, uingize kichwa na mabega kwa chini, usimame ndani ya wavu kama mtu anayevaa kanzu, ukalie hamoki, uinue miguu, kisha ukaze kamba ya chini. Ukiwa umesimama hivyo, miguu yako iko nje na mlango uko wazi kabisa, na mbu hufuata hewa unayoitoa puani. Kila ukitoka usiku, tarajia kuingia na mbu wawili watatu. Washa tochi, mulika wavu kwa ndani kuanzia kichwani hadi miguuni, uwaue kwanza ndipo ulale. Vipo vya kuvisha vyenye zipu ya ubavuni, na hivyo vinaondoa sehemu kubwa ya usumbufu huu. Uzito unaongezeka kidogo na unakuwa umerudisha shida za zipu.

Zoezi moja ni la lazima kwa aina zote mbili: jifunze kutoka gizani. Lala ndani, zima tochi, fumba macho, toka. Rudia mara tatu. Vichwa vya zipu viache vikutane mahali pamoja kila usiku, usawa wa nyonga ya mkono wako wenye nguvu, ili mkono uende penyewe. Moto ukiruka, mti ukilia, au mnyama akiingia kambini, hutakuwa na muda wa kupapasa. Na kwa kuwa tumetaja moto: nailoni na poliesta huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwekwe chini ya hamoki hata siku moja, na moto wa kambi uwe mbali kiasi kwamba cheche zinazima kabla ya kufika.

Watoto wanahitaji neno lao. Chandarua cha kuvisha kina kamba za kukaza kwenye ncha na chini, na kamba inayoning'inia karibu na shingo ya mtoto aliyelala ni hatari. Kwa mtoto, chagua cha kushonewa chenye zipu, kata au fungia juu kila kamba iliyolegea, na sehemu ya kukalia isizidi sentimita 45 kutoka ardhini.

Kutengeneza cha kuvisha kutokana na chandarua cha kitanda

Sababu kubwa ya kukipendelea cha kuvisha huku kwetu ni kwamba fundi cherehani yeyote anaweza kukitengeneza, na malighafi iko kila duka. Watu wengi hujaribu kukitundika chandarua cha kitanda kama kilivyo juu ya hamoki, na kinawashinda kwa sababu ya hesabu. Chandarua cha pembe nne cha sentimita 190 kwa 180 hakiwezi kufunika hamoki ya mita 3.35. Ncha zinatoka pande zote mbili na mbu wanapita hapo hapo.

Lakini kifumue, na hesabu inageuka. Chukua chandarua cha pembe nne cha 190 kwa 180, kimo cha sentimita 150. Kuta zake nne zikifumuliwa kutoka kwenye paa zinakuwa utepe mmoja wa mita 7.4 kwa 1.5. Ukate katikati upate vipande viwili vya mita 3.7. Viunganishe kwa upande mrefu, na una shuka moja la wavu la mita 3.7 kwa 3, ambalo ndilo hasa hamoki ya mita 3.35 inalohitaji: mita 1.5 kushuka kila upande kutoka kwenye kamba ya juu, ile inayopita juu yako kutoka ncha hadi ncha ya hamoki, na ziada ya kufunga kwenye ncha. Paa lililobaki liweke. Ndilo litakalokuwa viraka kwa miaka.

Mshono wa katikati ukae juu, kwenye kamba. Ushonwe mara mbili, na uzi wa poliesta, si wa pamba, maana pamba huoza kwa unyevu. Kila ncha fupi ikunjwe pindo la sentimita 2 na kupitishwa kamba ya milimita 3, ili uikaze kama mdomo wa mfuko wa sukari kuzunguka mkanda unaofunga hamoki kwenye mti. Halafu unganisha kingo mbili za chini kuanzia kila ncha kuelekea katikati, ukiacha mdomo wa mita 1 hadi 1.2. Mdomo huo nao upate pindo na kamba ya kukaza. Mwisho, shona vitanzi vitatu kwenye mshono wa juu, kimoja katikati na viwili usawa wa kichwa na wa miguu, vya kufungia kwenye kamba ya juu.

Kamba hiyo ya juu si pambo. Ni kamba isiyonyumbuka inayofungwa kutoka ncha moja ya hamoki hadi nyingine, na urefu wake ni asilimia 83 ya urefu wa hamoki. Kwa hamoki ya mita 3.35, ni mita 2.78. Ndiyo inayohakikisha hamoki inalegea kiasi kile kile kila usiku hata miti ikiwa mbali au karibu, na ndiyo inayobeba chandarua. Bila hiyo, wavu unakuangukia usoni ukilala. Kwa kuwa kamba ni fupi kuliko wavu, sehemu ya juu itakuwa na mikunjo. Isambaze sawasawa, usiikusanye yote miguuni.

Kosa la kawaida liko kwenye ncha. Ukikaza mdomo wa wavu kuzunguka mkanda bapa, pembeni mwa mkanda hubaki tundu la kidole. Kukicha utamkuta mbu amenona ndani. Funga kitambaa kidogo au soksi kuzunguka mkanda kwanza, kisha ukazie wavu juu yake. Na mvua ikitarajiwa, funga kipande cha uzi kwenye mkanda, upande wa mti, kabla ya wavu kuanza, kikining'inia chini. Maji yanayotiririka kutoka mtini yatadondokea hapo badala ya kuingia kwenye wavu na kukulowesha mgongo.

Kuhusu uzito, wavu wa poliesta wa vyandarua vya kawaida una gramu 30 hadi 40 kwa mita ya mraba. Shuka letu la mita za mraba 11 litakuwa na gramu 330 hadi 440, bila kuhesabu kamba. Wavu mwembamba wa dukani wa gramu 17 hadi 24 kwa mita ya mraba unapunguza uzito huo karibu nusu. Kwa anayebebwa na pikipiki hadi kambini, tofauti hiyo haina maana. Kwa anayepanda Udzungwa na mzigo mgongoni siku tatu, ina maana.

Chagua chandarua cha poliesta. Vile vya polietilini, kama Olyset vilivyotengenezwa Arusha na kiwanda cha A to Z, vina matundu mapana ya milimita 4 hivi na vinategemea dawa iliyo ndani ya uzi. Ni vizuri kitandani, lakini kwa hamoki ni vigumu kidogo kukunja, na mdomo wa kukazwa haufungi vizuri. Na tunaomba sana: usikate chandarua kilichotolewa bure kwa mama mjamzito au kwa kaya. Hicho kina mwenyewe, na kazi yake ni kitandani. Nunua chako, au tumia kilichostaafu baada ya kukiziba.

Kufua, na mambo yanayoharibika

Hamoki hunuka. Jasho, chumvi ya bahari na mafuta ya kujikinga na jua huingia kwenye nailoni, na baada ya safari mbili inahitaji maji na sabuni. Chandarua chenye dawa hakipendi hivyo. Cha dawa ya muda mrefu kimetengenezwa kuhimili kufuliwa mara 20 hivi. Ulichopulizia mwenyewe kinaishiwa baada ya mara 6. Kwa cha kushonewa huna namna: ukifua hamoki, umefua na wavu. Kwa cha kuvisha, hamoki unaifua kila safari na chandarua unakikung'uta tu na kukianika kivulini, kwa sababu jua kali hupunguza dawa.

Hamoki yenyewe, tofauti na wavu, ianike juani hadi ikauke kabisa. Wapo inzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na funza wake huingia ngozini mwa atakayezilalia.

Zipu ndiyo kiungo cha kwanza kufa kwenye cha kushonewa. Mchanga wa ufukweni hukaa kwenye meno, kichwa cha zipu kinasagika taratibu, na siku moja kinapita lakini meno hayashikani nyuma yake. Kabla ya kumlaumu fundi, suuza zipu kwa maji baridi, ikaushe, paka mshumaa kwenye meno. Ikiendelea kuachia, bana kichwa cha zipu kwa koleo, upande wa kulia kisha wa kushoto, kidogo sana kila mara, ukijaribu katikati. Ukizidisha kitavunjika. Ukinunua mpya, uliza zipu namba 5. Namba 3 ni nyepesi lakini haivumilii mchanga.

Wavu wa kushonewa ukichanika karibu na mshono, mzigo wa mwili unauvuta kila usiku na mpasuko unakua. Tundu dogo lizuie kwa tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, kisha shonea kiraka kinachozidi tundu kwa sentimita 2 kila upande. Cha kuvisha hakibebi uzito wowote, kwa hiyo tundu lake hukaa lilivyo hadi utakapofika nyumbani. Adui wake ni miiba. Ni kitambaa kikubwa kinachopepea, na ukikitundika kati ya migunga upepo wa jioni utakifungua kama karatasi. Ufukweni funga kwenye mivinje. Minazi iache, maana nazi au kuti kavu likikuangukia usiku hakuna wavu utakaokusaidia.

Siafu na kupe nao wanajali umbo la chandarua chako. Hamoki yenye wavu wa kushonewa inagusana na dunia kwa mikanda miwili tu. Ukiloweka nusu mita ya kila mkanda kwa permethrini na kuukausha, umewawekea kizuizi kizuri. Cha kuvisha kina kamba ya mdomo inayoning'inia chini. Ikigusa nyasi, umewapa ngazi. Ikunje uifungie juu kabla hujazima tochi, na usiache wavu utambae chini wakati unaingia.

Kwa nani kipi

Kwa Pwani na mabonde yenye joto, tunasema bila kusita: cha kuvisha, wavu wa matundu ya kawaida, chenye dawa. Kinakinga chini, kinapitisha upepo, kinafuliwa kwa ratiba yake, na kikiharibika hamoki yako ni nzima. Ongeza kwamba mbu wa dengi, ambayo ilisumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huuma mchana. Usingizi wa baada ya chakula cha mchana kwenye hamoki nao unahitaji wavu, na watu huusahau.

Anayelala mahali tofauti kila usiku, akifika jioni amechoka na giza linaingia, atakipenda cha kushonewa chenye tabaka mbili na mkeka. Kukitundika ni kufunga mikanda miwili tu, wakati cha kuvisha kinakuongezea dakika tano za kazi katika saa ile ile mbu wanapoamka. Angalia tu upande ulioshonewa: nyingi ya hamoki hizi zimekatwa ili ulale kimshazari kwa upande mmoja maalumu, kichwa kushoto na miguu kulia au kinyume chake. Ukizoea upande mwingine, wavu utakugusa magoti usiku kucha.

Milimani, Lushoto au miteremko ya Mlima Kenya, mbu wanapungua na baridi inakuwa ndiyo shida. Huko cha kuvisha unakiacha nyumbani na kubeba blanketi la ziada. Cha kushonewa utakibeba upende usipende, isipokuwa kama ni kile cha zipu ya kuzunguka.

Basi kuna wale ambao tayari wamenunua zile hamoki za bei nafuu za sentimita 260 kwa 140, tabaka moja, wavu umeshonewa na kuvutwa juu kwa nyuzi mbili. Ni fupi kulala kimshazari, wavu unalala puani, na mgongo uko wazi kwa mbu. Zinaokoleka. Kwanza funga kamba ya juu ya mita 2.16 kutoka ncha hadi ncha na utundike wavu juu yake badala ya kuufunga mitini. Kama bado mgongo unaumwa, igeuze hamoki juu chini na ufunge zipu. Wavu wa kiwandani sasa unaning'inia chini yako kama mfuko na unawaweka mbu mbali na kitambaa. Juu yako tandaza kwenye ile kamba shuka la wavu linalofika ncha zote mbili za hamoki, likuzunguke na kubanwa kwenye kingo za hamoki kwa vibanio vya nguo, kimoja kila sentimita 20, vikiwa vimeng'ata wavu na kitambaa kwa pamoja.